Mariamu Hakungoja Kutembelewa

Fundisho kwa mama wa mtoto wa kwanza, na kwa wamama wote wa kanisa

Somo: Luka 1:24-60. Soma pia 1 Wafalme 3:16-28 na Ruthu 4:13-17.

Ninawasalimu ninyi mnaotusikia hapa Kalemie mjini, ninyi wa ng'ambo ya Lukuga, ninyi mnaokaa kando ya ziwa, na ninyi mlio katika kambi za waliokimbia vita. Leo neno linamwendea kwanza mama aliyezaa kwa mara ya kwanza. Pengine unasikiliza huku unanyonyesha, macho mazito kwa usingizi. Usihangaike kusimama. Keti hivyo hivyo, neno litakufikia. Na wewe baba, usizime redio. Zamu yako inakuja.

Swali letu ni hili: mama wa mtoto wa kwanza anapata wapi marafiki? Mtu atasema, hilo ni jambo la kuhubiri? Ndiyo, ni la kuhubiri, kwa sababu Luka aliliandika katika sura yake ya kwanza kabisa, kabla hajaandika habari za hori la ng'ombe na wachungaji. Na ni la kuhubiri kwa sababu mama asiye na mtu anaweza kupotelewa na mtoto, au yeye mwenyewe akapotea, huku majirani wako ng'ambo ya ukuta.

Zamani binti akikaribia kuzaa mtoto wa kwanza, mama yake alikuwa karibu, au binti alirudi kwao akazalia pale. Mama ndiye aliyemwogesha mtoto. Mama ndiye aliyesema: huyu analia njaa, huyu analia tumbo, huyu anataka kubebwa tu. Lakini tuangalie mji wetu. Kalemie ni mji wa watu waliotoka mahali pengine. Kuna wenye babu waliokuja kwa kazi ya reli, kuna waliokuja kwa kazi ya Filtisaf, kuna walioletwa na biashara ya samaki. Kisha vita vya Batwa na Baluba, hasa mwaka 2016 na 2017, vikaleta maelfu ya watu kutoka Nyunzu, Manono, Kabalo na Moba, wengine bila kitu mkononi ila mtoto mgongoni. Na miaka hii maji ya Tanganyika yalipopanda, familia za kando ya ziwa zilihama na kuacha majirani waliowazoea.

Basi leo binti wa miaka 19 au 20 anazalia hapa, mama yake yuko Manono, shangazi yake yuko Kongolo, na rafiki zake wa shule hawajaolewa bado. Hao rafiki wanakuja mara moja. Wanamtazama mtoto, wanamsifu vidole vyake, wanarudi zao. Hawana ubaya wowote. Wao wanazungumza juu ya nguo za sikukuu, na yeye usiku kucha amelala saa mbili tu. Hapo ndipo mama mzazi anagundua kwamba ana watu wengi wanaomjua, na hana hata mmoja wa kumwuliza: "Mtoto wako naye anafanya hivi?"

1. Wamama wawili, na kila mmoja ni mara yake ya kwanza

Tunapomsoma Elisabeti tunamwona mzee, tunadhani alijua kila kitu. Lakini tuangalie vizuri. Elisabeti hakuwa amezaa kamwe. Nywele zimegeuka nyeupe, na mimba ni ya kwanza. Mariamu ni kijana, na mimba yake pia ni ya kwanza. Luka anatuonyesha mama wa kwanza wawili, mmoja mwanzoni mwa ujana na mwingine katika uzee, na hakuna kati yao aliyekwisha kupita njia hiyo.

Elisabeti alikuwa amejificha miezi mitano. Hatumlaumu. Kuna wakati wa kukaa ndani. Lakini kukaa ndani kukiendelea bila mwisho kunageuka kuwa kifungo. Na fikiri tena juu ya nyumba ile: bwana wake, Zakaria, alikuwa bubu tangu siku ile hekaluni. Nyumba nzima haina mazungumzo! Mzee anaandika kwenye kibao, mama anasoma. Ndipo katika mwezi wa sita, Mungu akamletea mgeni mlangoni, mwanamke aliyeweza kumsalimu kwa sauti.

Na Mariamu je? Malaika alimpa habari za Elisabeti, lakini hakumwambia aende kumtembelea. Hakuna amri hiyo katika maandiko. Mariamu mwenyewe aliamua. Alifunga safari, akaharakisha, akapanda milima ya Yudea. Kutoka Nazareti ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa miguu, kama mtu wa Moba aamue kuja Kalemie bila mashua wala gari. Angeweza kusema: "Mimi ndiye niliyepewa neema kubwa, wao ndio waje kwangu." Angeweza kuona haya, maana mimba yake ilikuwa na maswali mengi. Hakungoja kutembelewa. Alifika, akaingia, akasalimu.

Mama mzazi, shika hapa. Urafiki wa wamama wawili ulianza na salamu. Mariamu hakuanza na unabii, wala na wimbo. Wimbo ulikuja baadaye, ndani ya nyumba ya rafiki. Haleluya! Kuna wimbo ulio ndani yako ambao hautatoka ukiwa umejifungia peke yako.

Naye akakaa karibu miezi mitatu. Tutairudia hiyo miezi mitatu, ishikeni mkononi.

2. Kukaa nyumba moja si urafiki

Sasa tufungue 1 Wafalme, sura ya 3. Tumeizoea kama habari ya hekima ya Sulemani. Tumehubiriwa juu ya mfalme na upanga. Leo tuwaangalie wale wamama wawili kabla hawajafika kwa mfalme.

Walikaa nyumba moja. Walizaa wakipishana siku tatu. Yaani matumbo yao yalikua pamoja, na vitovu vya watoto wao vingekauka pamoja. Wanawake wa namna hiyo, katika mji wetu, wangepaswa kuwa kama ndugu! Lakini mmoja alipojieleza mbele ya mfalme, alisema neno linalouma: nyumbani hapakuwa na mtu mwingine yeyote, ni wao wawili tu. Na usiku mmoja, mmoja wao alimlalia mtoto wake, mtoto akafa.

Nawauliza: nani alimshikia mtoto mchana ili mama yule apate kusinzia kidogo? Nani alimwambia, "Leta mtoto hapa, nenda ukaoge"? Maandiko hayamtaji mtu. Walikuwa makahaba, watu waliodharauliwa, na inaonekana hakuna mama wa mtaa aliyekanyaga pale. Na wao wawili, waliolala chini ya paa moja, hawakuwa msaada mmoja kwa mwenzake. Msiba ulipokuja, ulizaa wizi, na wizi ukazaa kesi. Kama wangekuwa marafiki, wangelia pamoja.

Wapendwa, katika lupango moja hapa Kalemie kunakaa familia nne, tano. Wamama wanachota kwenye bomba moja, wanasubiri zamu ya choo kimoja, wanajua harufu ya sombe ya kila mmoja. Lakini mwulize mmoja: mtoto wa jirani anaitwa nani? Anasema, "Sijui, ni watu wageni." Ukaribu wa kuta hautoshi. Lazima mmoja aondoke alipo, aende, kama Mariamu.

Na jambo hili waganga na wataalamu nao wameliona. Huko Nepal, katika wilaya ya Makwanpur, walikusanya wanawake wa vijijini katika vikundi. Mara moja kwa mwezi waliketi na mwanamke wa palepale, ambaye si munganga, wakaongea juu ya mimba, kuzaa na watoto wachanga, na wakatafuta wenyewe njia za kusaidiana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Mahali penye vikundi, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, walikufa karibu 26 katika mwezi wa kwanza. Mahali pasipo vikundi, walikufa karibu 37. Kazi kama hiyo ikafanyika India, Bangladesh, na hapa Afrika, huko Malawi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa shauri kwamba vikundi vya namna hiyo vianzishwe, hasa vijijini ambako huduma za afya ni haba. Wamama walioketi pamoja na kuzungumza waliokoa watoto. Nani atasema tena kwamba mazungumzo ya wanawake ni kupoteza wakati?

3. Namna ya kuanza

Mama mmoja atasema: "Nimeelewa, lakini mimi ni mtu wa haya. Nitaanzaje?" Anza pale Mungu amekwisha kuwaketisha pamoja.

Siku ya CPS, siku ya kupima watoto na kuwachanja, unaketi kwenye benchi saa nyingi. Kushoto yuko mama, kulia yuko mama. Mtoto anapata chanjo akizaliwa, anarudi kwenye majuma 6, 10 na 14, na kwenye miezi 9 kwa ajili ya surua. Watoto waliozaliwa juma moja watakutana tena na tena kwenye benchi lile lile. Mungu amekupangia mikutano, wewe unatazama simu! Mgeukie mwenzako. Mwulize jina la mtoto. Mwulize analala namna gani. Mwambie, "Wangu usiku anakataa kulala kabisa." Utaona uso wake unafunguka, maana alidhani ni wake peke yake. Kisha ulizeni: "Siku ya kurudi, tupitiane?" Hapo urafiki umekwisha kuzaliwa.

Jambo la pili, omba kitu kidogo, au peleka kitu kidogo. Moto wa kuwashia makala. Chumvi. Kikombe cha unga. Wengine tunafikiri kuomba ni aibu, tunataka tuonekane tumejitosheleza. Lakini anayeomba chumvi amefungua mlango ili naye kesho aombwe. Ila usiwe mtu wa kuomba kila siku bila kurudisha. Ukipata ndagala, tenga mkono mmoja upeleke kwa jirani.

Jambo la tatu, usilinganishe. Mtoto wa huyu ameota jino, wa yule bado. Mtoto wa huyu ana nguo mpya tatu, wa yule anavaa za kupewa. Mtoto wa huyu amepanda kilo, wa yule amepungua. Mama anayerudi kutoka CPS na kusema lupango nzima isikie, "Wangu anashinda wao wote," amewapa wenzake sababu ya kumkimbia. Mwenye mtoto aliyepungua kilo ndiye anayehitaji rafiki siku hiyo. Tembea naye kurudi nyumbani.

Na usihuzunike kama mmoja hakukujibu vizuri. Pengine amechoka. Pengine usiku bwana wake alimtukana. Msalimu tena juma lijalo.

4. Elisabeti aliwapenda majirani, na aliwakatalia

Kuna mama anayesema: "Mimi nakaa mbali na wamama wengine kwa sababu wana mashauri mengi, na mengine ni mabaya." Neno hilo lina ukweli. Turudi kwa Luka. Elisabeti alipozaa, majirani na jamaa walikuja wakafurahi pamoja naye. Vizuri! Siku ya nane wakaja tena, na mara hii walikuja na shauri: mtoto aitwe Zakaria, kama baba yake. Walikuwa na nia njema. Lakini Elisabeti aliwakatalia, akasema jina lake ni Yohana. Hawakuridhika, wakamgeukia baba. Na baba, aliye bubu, akaomba kibao, akaandika kitu kile kile mama alichosema.

Tazameni hekima ya mama huyu. Hakuwafukuza majirani kwa sababu shauri lao halikufaa. Na hakulipokea shauri kwa sababu aliwapenda. Furaha yao aliipokea, shauri lao aliliacha.

Nitoe mfano ulio mezani kwetu. Mtoto ana mwezi mmoja, jua ni kali, mama mzee wa jirani anasema: "Mpe maji kidogo, koo limekauka." Anasema kwa upendo. Lakini waganga wanatufundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6 itimie, bila maji, bila uji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na munganga. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha hata wakati wa joto. Na sisi wa Kalemie tunaijua kolera. Tunajua maji yanaweza kubeba nini. Basi mjibu mama yule kwa heshima: "Asante, mama. Ya kwangu yanamtosha, ndivyo walivyonifundisha sante." Kisha mpe mtoto ambebe. Umekataa maji, hukumkataa mama.

Hapo ndipo rafiki wa rika lako anasaidia. Ukiwa peke yako mbele ya wakubwa, ni vigumu kusimama. Mkiwa wawili mliofundishwa jambo moja, mmoja anamtia mwenzake nguvu. Na baba, jifunze kwa Zakaria: mke wako akisimama kwa ajili ya lililo jema la mtoto, andika kama alivyosema.

5. Chunga kinywa, hata wakati wa maombi

Kitu gani kinawafanya wamama waogopane? Ni kinywa. Mama anakuambia usiku, akilia, kwamba nyumbani hakuna chakula, au kwamba bwana hajarudi siku mbili. Asubuhi lupango yote inajua. Huyo hatafungua moyo tena kwa mtu yeyote. Atakaa na taabu yake peke yake mpaka imvunje.

Na sisi tuliookoka tuna hatari yetu. Hatusengenyi sokoni, hapana. Tunasengenya katika maombi! "Wapendwa, tumwombee Mama Furaha, maana bwana wake, ninyi mnajua..." Ndugu zangu, hilo si ombi. Ni umbeya uliovaa kitambaa cha kanisa. Kama rafiki hakukupa ruhusa, mwombee ukiwa chumbani mwako. Bwana anamjua Mama Furaha bila wewe kumweleza mbele ya watu arobaini.

Tena kuna huzuni inayowapata wamama waliozaa. Siku za kwanza mama analia bila sababu. Mara nyingi inapita ndani ya majuma mawili. Lakini ikiendelea, mama hataki kula, hataki kumshika mtoto, anasema heri asingezaa, anafikiri kujidhuru, huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba duniani wamama 13 hivi katika 100 waliozaa wanapata ugonjwa wa akili, hasa huzuni hiyo, na katika nchi kama zetu wanafika karibu 20. Yaani katika benchi la wamama watano, mmoja. Tusikimbilie kusema ni pepo, wala kwamba hana imani. Tumwombee, ndiyo. Tusimwache peke yake na mtoto. Na tumsindikize kwa munganga siku hiyo hiyo. Lakini nani ataiona huzuni hiyo mapema, kama hakuna rafiki anayeingia nyumbani mwake?

6. Mama asiye wa kwetu

Ruthu alikuwa Mmoabu. Alizalia Bethlehemu, mbali na mama yake, kama wengi wenu mnaonisikia. Na katika Ruthu 4:17 kuna jambo la ajabu: wanawake majirani ndio waliompa mtoto jina, wakamwita Obedi. Fikiri! Mtoto wa mgeni, mama wa kabila ambalo Israeli waliliogopa na kuligombanisha, na wanawake wa mtaa wakazunguka kitanda chake wakamwita mtoto kwa furaha kana kwamba ni wa kwao. Kutoka kwa Obedi akaja Yese, na kutoka kwa Yese akaja Daudi. Kama wale majirani wangesema, "Huyu si wa kwetu," wangejinyima sehemu katika ukoo wa Mwokozi.

Hapa kwetu siku unayozaa unapata jina jipya. Jana ulikuwa Espérance, leo ni Mama Josué. Na ni nani anayekuita hivyo kwanza? Jirani. Jirani ndiye anayekuzalisha mara ya pili, anakufanya kuwa mama mbele ya watu. Basi na sisi tumwite hivyo mama aliyekuja kambini juzi. Tumwite hivyo mama Mkatoliki, mama Mwislamu wa mlango wa pili. Na hapa nitasema wazi, kwa sababu mkoa wetu umelia vya kutosha: Mluba amwite hivyo Mtwa, na Mtwa amwite hivyo Mluba. Kwenye benchi la CPS sindano haimwulizi mtoto kabila lake. Watoto walionyonya wakitazamana kwenye benchi moja, mama zao wakipeana maji ya kunywa, itakuwa vigumu kesho mtu kuwapa mishale na mapanga. Wanaume wanaweka saini za amani mezani. Wamama, amani yenu inaanza na kumshikia mwenzako mtoto.

7. Kanisa, tufanye nini?

Tuseme ukweli. Mama akizaa, tunakuja wote siku moja. Sabuni, unga wa uji, vikwembe, nyimbo, picha. Chumba kinajaa kama mto wakati wa mvua. Kisha tunaondoka, na kiangazi kinaanza. Juma la tatu, mtoto anapoanza kulia jioni mpaka usiku wa manane, hakuna hata mmoja.

Sasa tuikumbuke ile miezi mitatu ya Mariamu. Ninaomba idara ya wamama katika kila kanisa linalotusikia ifanye hivi. Mama akizaa mtoto wa kwanza, achaguliwe wamama wawili: mmoja aliyekwisha kulea, na mmoja wa rika lake mwenye mtoto mdogo. Wawili hao wamwendee kwa miezi mitatu, mara moja kwa juma, si zaidi ya saa moja. Hakuna haja ya kuleta zawadi. Mmoja amchotee maji, mwingine ambebe mtoto ili mama alale. Siku ya CPS, mmoja atembee naye. Na wote wawili wajue dalili za hatari, ambazo hazingoji ibada iishe: mtoto anayekataa kunyonya, mwenye joto kali au mwili wa baridi, anayepumua mbio, anayetetemeka kwa degedege, mwenye kitovu chenye usaha, na mama anayetokwa na damu nyingi, mwenye homa, au mwenye kuumwa kichwa sana na macho kuona giza. Ombeni mkiwa njiani kwenda sante. Bwana anasikia hata juu ya pikipiki.

Wawili hao si lazima wajue mengi. Elisabeti hakuwa mkunga. Alifungua mlango, akampokea mgeni kwa furaha, na akambariki kabla hajamwuliza swali hata moja. Mama wa kanisa, binti akifika kwako na mimba yenye maswali, au na mtoto asiye na baba, fanya kama Elisabeti. Baraka itangulie, maswali yatapata siku yake.

Wewe baba, zamu yako ndiyo hii. Mke wako akisema, "Naenda kwa Mama fulani nusu saa," usimwulize kama polisi. Mama aliyecheka na mwenzake anarudi na nguvu ya kukupikia bukari na ya kukusikiliza. Tena mshike mtoto wewe. Mikono yako haitavunjika.

Na wewe mama mzazi, ninakupa kazi moja tu kwa juma hili. Usingoje kanisa lipange. Usingoje mpaka nyumba iwe safi na nywele zisukwe. Mfunge mtoto mgongoni, vuka lupango, gonga mlango wa mama mmoja mwenye mtoto, useme: "Hodi. Mimi ni jirani yako." Mariamu alivuka milima. Wewe unavuka uwanja tu.

Tuombe.

Baba yetu, tunakushukuru kwa kila mtoto aliyezaliwa katika mji huu wa Kalemie na katika mkoa wote wa Tanganyika. Mkumbuke mama aliye peke yake usiku wa leo. Mpe ujasiri wa kuondoka na kwenda, na umtayarishie mlango utakaofunguliwa. Uchunge vinywa vyetu. Uondoe wivu, hofu na ukabila kati ya wamama wetu. Waponye walio na huzuni, na uwape wa kuwashika mkono. Watoto wetu wakue pamoja, wacheze pamoja, wakutumikie pamoja. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba. Amina.